Waya Mmoja, Tando Mbili

Kwako mdogo wangu mpenzi,

Salamu zangu zikukute mzima, wewe na mkeo na wanao wote. Mimi ni mzima kwa kiasi ambacho mtu wa miaka sabini na mitatu hana haki ya kulalamika. Goti la kulia limekataa ngazi, kwa hiyo nimehamishia kitanda katika chumba cha chini, kile kilichokuwa cha vitabu, na vitabu vimepanda juu badala yangu. Macho yangali yanasoma. Mkono, kama unavyoona, ungali unaandika juu ya mstari.

Barua yako ya mwezi uliopita niliipata. Umeandika kurasa mbili bila kugawa aya hata moja, jambo nililokukanya tangu ukiwa darasa la tano, lakini habari nilizielewa. Nimefurahi kwamba karakana imehamia kwenye chumba chenye madirisha, na kwamba fremu zako za vivuli vya taa zinachukuliwa hata kabla rangi haijakauka. Mkeo, katika mistari miwili aliyoongeza chini, anasema kwamba unakohoa kwa sababu ya moshi wa kulehemu na kwamba ukiambiwa uvae barakoa unajibu kuwa mapafu yako yalishazoea. Mapafu hayazoei. Vaa barakoa.

Nimeona pia kwamba umetia sahihi kama kawaida yako: Mimi mdogo wako, Mpinda Waya. Umetia sahihi hivyo kwa miaka thelathini na moja, hata katika barua ya kunijulisha kuzaliwa kwa mtoto wako wa kwanza. Miaka hiyo yote nimekusahihishia nukta na mikato, lakini juu ya sahihi sikuwahi kusema neno. Leo nitasema. Nakuomba usome mpaka mwisho kwa mpangilio nilioandika, wala usirukie ukurasa wa nyuma kama ulivyozoea.

Jumanne moja ya mwezi uliopita nilipata mgeni. Ni mwalimu mpya wa hisabati katika chuo chetu cha zamani, mwanamke wa miaka kama thelathini, mwembamba, mwenye kusema haraka na kuomba radhi kabla hajakosea. Alikuja na mkoba mkubwa wa turubai na nakala ya kijitabu changu cha jiometri ya tando za sabuni, kile chenye jalada la kijivu. Alinieleza kwamba chuo kinataka kukichapa kwa mara ya tano, na kwamba yeye ndiye aliyepewa kazi ya kukipitia. Aliomba radhi, akanywa maji, akaomba radhi tena, kisha akafungua ukurasa wa arobaini na moja.

Yanayofuata unayajua kuliko mimi. Nayaandika kwa sababu wanao watasoma barua hii siku moja, nao hawakuwepo. Nayaandika pia kwa sababu mpaka leo maelezo pekee yaliyomo katika maandishi ni yale ya jalada lako la kazi, na jalada hilo liliandikwa kutokana na kauli yangu.

Wanao wajue basi kwamba waya uliofungwa, yaani usio na ncha, ukizamishwa katika maji ya sabuni na kuinuliwa, hutoka na utando. Utando huo hauna hiari. Hujivuta mpaka eneo lake liwe dogo kadiri waya unavyoruhusu, na hapo hutulia. Waya ukiwa duara lililolala, utando hulala kama kioo. Waya ukipindwa kama ukingo wa kofia iliyokaliwa, utando huinuka upande huu na kubonyea upande ule, na popote utakapouchunguza, kiasi cha kuinuka ni sawasawa na kiasi cha kubonyea. Hesabu ya kuutafuta utando huo ni ngumu. Sabuni huifanya kwa muda wa kupepesa jicho.

Katika ukurasa wa arobaini na moja niliandika hivi: Kila waya uliofungwa una utando mmoja tu, nao ni mdogo kuliko wowote mwingine unaoweza kutandwa juu ya waya huo. Niliipenda sentensi hiyo. Haikuwa na neno la ziada.

Wanao wajue pia kwamba mimi ndiye niliyekuombea kazi ya ufundi wa maabara pale chuoni, baada ya wewe kuacha shule, na kwamba wakati ule nilidhani nimekufanyia hisani. Baada ya mwaka mmoja hapakuwa na somo langu lililowezekana bila nyaya zako. Nilikuwa nakuchorea umbo kwenye karatasi asubuhi, na saa sita mchana ulikuwa umelileta kwa waya wa shaba, bila kovu la koleo hata moja. Wanafunzi walikuita Koleo kwa sababu hukulitoa mfukoni mwa shati hata wakati wa kula. Mimi waliniita Bi Rula, wakidhani sijui. Walisema Bi Rula anachora, Koleo anaumba, na sabuni ndiyo inayofaulu mtihani.

Siku mkaguzi alipokuja kukagua kijitabu, maabara ilikuwa imejaa. Wanafunzi wa mwaka wa tatu walikuwa ishirini na sita kwenye mabenchi, mkuu wa chuo alikaa karibu na dirisha, na mkaguzi alikaa mbele kabisa, mtu mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Nilionyesha tando kumi na mbili mfululizo na hakuna uliopasuka. Nilipofika kwenye sentensi yangu, mkaguzi aliuliza, kwa adabu tu, kama kuna aliye na shaka nayo. Hapo ukatokea nyuma ya kabati ukasema kwamba kuna waya mmoja ambao dada hajaujaribu.

Siku mbili kabla yake ulikuwa umenisimamisha mlangoni ukaniambia kwamba una waya wa kunionyesha. Nilikujibu kwamba nina madaftari ya kusahihisha. Hilo halimo katika jalada.

Waya wenyewe ulikuwa hivi. Ulikuwa umeupinda ukawa pete mbili, moja juu ya nyingine, kama bangili mbili zilizoachwa mwanya upande mmoja. Kwenye mwanya huo, pete ya juu iliunganishwa na ya chini kwa vijiti viwili vilivyosimama sambamba, ili waya wote uwe mmoja usio na ncha. Asubuhi ya siku ile uliuweka mezani pamoja na nyingine, nami niliupima na kuuandikia kadi, kama nilivyofanya kwa kila kifaa, bila kuuliza ni wa nini.

Uliuzamisha, ukauinua. Utando ulizunguka kutoka pete ya juu hadi ya chini, umeingia ndani katikati kama kiuno, na umeachia wazi ule mwanya wa mbele. Ulimwuliza mkaguzi kama anakubali kwamba huo ndio utando wa waya ule. Akakubali. Ndipo ukasogeza mdomo upande wa nyuma, mbali na mwanya, ukapuliza pumzi moja ndefu kama mtu anayepoza chai ya mtoto. Kiuno kilisogea, kikatetemeka, kisha kikaruka. Tulipotazama tena, kila pete ilikuwa imezibwa kama uso wa ngoma, na kati ya vile vijiti viwili palikuwa na utepe mwembamba uliozishikanisha ngoma mbili. Waya ulikuwa uleule. Utando ulikuwa mwingine kabisa, na hata kwa macho ulionekana mdogo kuliko wa kwanza.

Ukanigeukia, ukacheka, ukasema kwamba dada, sabuni haijasoma kijitabu chako.

Maabara nzima ilicheka. Mwanafunzi mmoja wa nyuma alipiga benchi kwa viganja. Mkuu wa chuo alijificha kwenye leso. Mkaguzi alicheka mpaka akavua miwani, na nakumbuka kwamba hakikuwa kicheko kibaya. Alikuwa amefurahi, kama mtu aliyeonyeshwa kitu kipya baada ya wiki nyingi za kuonyeshwa vitu vya zamani.

Mimi nilisema, kwa sauti yangu ya darasani, kwamba fundi alipopuliza alizibana pete kwa kidole gumba, kwamba nafasi kati ya pete imebadilika, na kwamba waya uliobadilika ni waya mwingine na una haki ya utando mwingine. Kwa hiyo kanuni yangu imesimama. Nikaongeza kwamba huyu ni mpinda waya, si mwanahisabati. Kicheko kilikatika. Mkaguzi alikuuliza kama umeubana waya. Ulisema hapana. Aliniuliza mimi kama nina hakika. Nilisema nina hakika. Akaandika.

Ulitoa koleo mfukoni, ukaliweka mezani karibu na karai la sabuni, ukatoka. Mkataba wako ulikoma mwisho wa mwezi. Sababu iliyoandikwa ni kuchezea vifaa vya maonyesho mbele ya mkaguzi.

Miaka sita baadaye, siku ya kumzika mama, ulinikuta kwenye ukumbi mwembamba kati ya jikoni na chumba chake, nimebeba viti. Uliniuliza jambo moja tu: kama siku ile, baada ya wewe kuondoka, niliupima waya. Nilikujibu kwamba sikuupima, kwa sababu hapakuwa na haja. Ulinipokea viti viwili ukatoka navyo kuwakalisha wageni. Tangu siku hiyo umeniandikia kila mwaka, barua za heshima, zenye habari zote na zisizouliza kitu.

Sasa narudi kwa mgeni wangu. Hakujua lolote kati ya haya. Alikuwa amejitengenezea waya wake, wenye makovu ya koleo kila mahali, ungemcheka, na aliomba ruhusa ya kutumia beseni la jikoni. Alizamisha. Kiuno kikatokea. Akapuliza kutoka nyuma, na ngoma mbili zikatokea na utepe wake. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha jikoni, goti limenyooshwa. Aliniambia, akiomba radhi, kwamba bila shaka mwalimu anajua haya na kwamba sentensi ile lazima ni kosa la mchapaji.

Nilimjibu kwamba mchapaji hakukosea.

Hapo alichangamka kama watu wa kazi yetu wanavyochangamka, akanieleza mengine. Alisema kwamba utando wa kwanza ni mdogo, lakini ni mdogo kwa kulinganishwa na majirani zake tu. Ukiugusa kidogo huku au kule, eneo linaongezeka, kwa hiyo unatulia pale ulipo, ingawa mbali kidogo kuna utando mwingine ulio mdogo zaidi. Kuufikia huo ni lazima kwanza ujitanue, uwe mkubwa kuliko ulivyo, na sabuni kwa hiari yake haikubali kujitanua. Ndiyo maana inahitaji pumzi ya mtu. Alisema pia kwamba kati ya tando mbili hizo kuna wa tatu, pale juu kabisa pa kuvukia, ambao hesabu inaudai lakini hakuna jicho linaloukamata, kwa sababu haukai. Nilimwuliza kwa nini mtu aamini utando usiokaa. Akasema kwamba huwezi kutoka bonde hili kwenda bonde lile bila kupita mahali palipoinuka, na mahali hapo papo, mtu apaone asipaone. Nilimwambia kwamba ameeleza vizuri.

Kisha akaingiza mkono mkobani akatoa waya wako.

Ulikuwa katika kabati la maabara muda wote huu, nyuma ya mizani mbovu, umefungwa kwa gazeti. Kadi yangu ilikuwa bado imening'inia kwa uzi. Mgeni alisema kwamba ameisoma lakini hakuielewa, kwa sababu ina safu mbili za vipimo, ya juu imeandikwa kabla na ya chini imeandikwa baada, na namba za safu zote mbili ni zilezile. Aliuliza kwa nini mtu aandike kitu kimoja mara mbili. Nilimmiminia chai. Aliomba radhi, tukazungumzia mitihani mpaka akaondoka, waya akaniachia.

Mdogo wangu, nilipima.

Nilipima siku ileile. Wanafunzi walikuwa wametoka, karai lilikuwa bado na povu, na saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na robo. Nilichukua kalipa, kile kipimio chenye taya mbili, nikapima upana wa pete ya juu: milimita mia moja. Pete ya chini: mia moja. Nafasi kati ya pete, mahali panane tofauti: sitini na mbili, zote nane. Mwanya: kumi. Namba zilikuwa zilezile nilizoziandika asubuhi. Hukuubana waya kwa kiasi ambacho chombo kingeweza kukiona. Niliziandika kwenye safu ya baada, kwa sababu nimefundishwa kwamba kipimo kilichochukuliwa huandikwa.

Mkaguzi alikuwa angali chuoni. Alikuwa katika ofisi ya mkuu, mlango uko wazi, nasikia kijiko chake ndani ya kikombe. Kutoka maabara mpaka ofisi ile ni hatua thelathini na mbili. Nazijua kwa sababu nilizitembea, kadi ikiwa mkononi. Nilifika mlangoni. Mkuu aliinua uso akaniuliza kama nina jambo. Nikasema nimekuja kuuliza kama mgeni ameongezewa chai. Mkaguzi akanishukuru, akasema inatosha. Nikarudi.

Nimejiuliza mara nyingi ni kitu gani kilinirudisha, nami sitaki kukupa jibu lililopambwa. Hakikuwa kijitabu. Kijitabu ningekisahihisha kwa sentensi moja. Kilikuwa kile kicheko, na kwamba aliyekisababisha ni mtoto niliyemfungia kamba za viatu. Siku zilizofuata jambo lilizidi kuwa gumu kulisema kuliko lilivyokuwa siku ya kwanza, na siku ya mazishi ya mama lilikuwa gumu kuliko siku zote, kwa hiyo nilichagua tena kubaki palepale nilipokuwa. Sikuombi radhi kwa haraka kama yule mwalimu. Nasema kwamba ulisema kweli mbele ya macho hamsini na saba, maana wote tulikuwa ishirini na tisa na mmoja alikuwa na chongo, na kwamba mimi nilisema uongo nikiwa nimesimama wima, kisha nikaurudia mbele ya chumba cha mama yetu.

Nimefanya mambo mawili. Kwanza, nimeuandika upya ukurasa wa arobaini na moja. Sentensi yangu imetolewa. Mahali pake pana mchoro wa waya wako na vipimo vyake, na maelezo kwamba waya mmoja uliofungwa waweza kuwa na tando mbili zilizotulia, jambo lililoonyeshwa katika maabara hii na fundi wake. Jina lako nimeliandika kamili, kama lilivyo kwenye cheti chako cha kuzaliwa. Mgeni wangu amekwisha kuupeleka ukurasa huo kwa mchapaji. Pili, nimemwandikia mkuu wa chuo wa sasa ili kauli yangu ibatilishwe katika jalada lako. Alijibu kwa upole kwamba haoni sababu ya mimi kujisumbua, kwa kuwa wahusika wote wamestaafu au wamefariki. Nilimwandikia kwamba mhusika mmoja hakustaafu, kwa sababu hakuachwa afike kustaafu, na kwamba yu hai na anakohoa. Jalada limerekebishwa. Nakala nimeiambatisha.

Katika sanduku hili utaukuta waya, umefungwa kwa gazeti lake lilelile, na kadi yake. Nimeweka na kalipa. Usinisadiki kwa neno, maana neno langu umeshalijua. Pima mwenyewe. Nilipima tena jana mchana na hakuna kilichobadilika. Nimeweka pia koleo lako. Sikulitupa wala sikumpa mtu, na nililipaka mafuta kila mwaka, ila kiungo chake kimekuwa kigumu.

Nimejaribu kupuliza mara kumi na moja katika beseni la jikoni, na mara zote utando umepasuka usoni pangu. Mgeni anasema napuliza kama mtu anayezima moto. Waonyeshe wanao namna inavyofanywa. Kwao mimi ni shangazi wa kadi za sikukuu, nao wanastahili kumwona baba yao akifanya jambo ambalo shangazi ameshindwa.

Nisalimie mkeo, mwambie kwamba mistari yake miwili ilikuwa na nukta zote mahali pake. Wasalimie wanao, mmoja mmoja, kuanzia mkubwa. Majirani wanaokukumbuka wanakusalimu, ingawa wamebaki watatu.

Ukiona hakuna la kujibu, usijibu, nitaelewa. Lakini ukijibu, tia sahihi kwa jina lako. Lile jingine nilikupa mimi, nami nimelifuta.

Ni mimi dada yako,
ambaye aliupima.